Aimbiwe Kwanza Mwenyewe

Nashville, Tennessee
4 Novemba 1998

Shemeji Hollis,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima, na mbuzi wako pia, maana Ferris Ott, anayekaa hapa kwangu kunisaidia, ananiambia siku hizi wao ndio wanaokusikiliza. Mimi si mzima sana, na nitakueleza.

Tangu tumzike mume wangu Dub hatujaandikiana hata kadi ya Krismasi. Mwezi uliopita nilikupigia simu mpaka kidole kikauma. Ferris anasema unaiacha ilie hadi ichoke yenyewe. Basi nakuandikia. Barua haipigi kelele, inakaa tu mezani inakutazama.

La kwanza: nina uvimbe kooni. Daktari atanipasua Jumanne ya kwanza baada ya Mwaka Mpya. Kuishi anasema nitaishi. Nilipomuuliza kuhusu kuimba alitazama viatu vyake.

La pili: nimeandika wimbo. Nataka niutie kwenye kanda kabla ya kisu, kwa koo hili hili la Wynelle Castleberry ambalo watu walilipia kiingilio. Studio ipo, wapigaji wapo. Ila wimbo unakuhusu wewe, na umetajwa kwa jina.

Sheria ya meza unaijua. Tuliitunga wanne kwenye meza ya jikoni kwangu kule Llano, wewe na Dub na Ferris na mimi, gitaa moja likizunguka mkono kwa mkono: wimbo unaomhusu mtu aliye hai, aimbiwe kwanza mwenyewe, usoni. Akisema ndiyo, nenda nao duniani. Akisema hapana, karatasi inaingia kwenye moto wa jiko na hakuna anayeuimba tena, hata bafuni.

Dub aliivunja mara moja tu. Wewe na mimi tunajua ilitugharimu nini.

Njoo Nashville, Hollis. Au sema nije mimi.

Shemeji yako,
Wynelle


Llano, Texas
15 Novemba 1998

Shemeji yangu Wynelle,

Salaam zimefika na zimepokelewa kwa mikono miwili. Mbuzi wazima, isipokuwa beberu mmoja ambaye ana kiburi kama mchungaji wetu mpya, na harufu ile ile. Mimi mzima, meno nimebakiwa nayo ya kutosha kula mkate wa mahindi nikiuloweka. Habari ya koo lako imeninyima raha. Nilitaka kuandika mzaha hapa, kwamba sasa majirani watalala, nikaufuta. Nimeufuta lakini umeshausoma, basi tuendelee.

Huyo daktari mwambie asitazame viatu. Mtu akitaka kukata koo la mwanamke aliyeimba mpaka wachunga ng'ombe wakalia ndani ya bia zao, amtazame machoni.

Sasa huu wimbo. Mimi nina miaka sabini na moja, shule niliishia darasa la sita kwa sababu la saba lilikuwa na mwalimu mwenye fimbo. Nyimbo zote nilizoandika zilikuwa za mbwa, pikapu, na wanawake walioniacha. Nani atake kusikia wimbo kuhusu mimi? Andika kuhusu Ferris. Yeye angalau alifungwa jela Oklahoma.

Au nitumie maneno kwa posta. Nitayasoma hapa kwenye baraza, nikiwa nimekaa, na nitakujibu ndiyo au hapana kwa stempu halali ya serikali.

Nakuuliza kwa sababu nina wasiwasi wangu. Kama ni wimbo wa kunicheka, sawa, nimezoea. Si nimezoea? Dub aliponiimba pale ukumbi wa dansi, ule wimbo wa mke wangu aliyenikimbia na jiko la gesi, watu mia tatu walicheka hadi mpiga fidla akakaa chini. Na mimi nilikuwa jukwaani pale pale, namwitikia sauti ya pili, bila kujua ubeti unaofuata unasema nini. Ndugu yangu wa tumbo moja. Hakuwa ameniimbia kwanza. Asubuhi yake nikakataa kupanda naye gari kwenda kuimba San Saba, nikamwambia ajiendeshe mwenyewe, na mvua yote ile.

Kwa hiyo kama wimbo wako unafika kwenye lile daraja la chini alipoishia Dub, shemeji, usiulete. Nakuomba kabla hujaufungua mdomo.

Shemeji yako mwenye mbuzi,
Hollis


Nashville
23 Novemba 1998

Shemeji Hollis,

Salaam. Nimefurahi kusikia meno yapo. Koo linauma zaidi asubuhi. Mchana nakunywa chai ya asali na linanyamaza.

Kwa posta sitakutumia. Sheria haisemi aandikiwe, inasema aimbiwe. Ukisoma kwenye karatasi utasoma kwa sauti yako mwenyewe ya kichwani, ile inayokutukana kila siku, kisha utasema Wynelle kanitukana. Nakujua.

Wala hujazoea kuchekwa, usinidanganye. Wewe umemtania kila mtu katika majimbo matatu. Ulimtania baba yangu kwenye harusi yangu. Ulimtania gavana. Siku moja tu mtu kakurudishia, ukanuna hadi leo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, shemeji.

Sikuandikii kukuchokoza. Nakukumbusha Ferris. Dub alimwandikia wimbo kuhusu mama yake, jinsi alivyomsubiri kituo cha basi alipotoka jela. Akamwimbia pale mezani. Wewe ulikuwapo, ulitoka nje ukajifanya unamtafuta mbwa. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko wote uliowahi kuzaliwa kwenye meza ile. Ferris akasema hapana. Dub akainuka, akautia kwenye moto, akakaa, akampa Ferris gitaa. Leo hakuna anayekumbuka zaidi ya mistari miwili, na hiyo hatuiimbi.

Ndivyo tulivyokuwa. Ukisema hapana, nitauchoma, na nitakwenda kwa daktari bila wimbo. Lakini uniambie hapana ukiwa umeusikia, usiniambie ukiwa umejificha nyuma ya mbuzi.

Na ndiyo, unafika kwenye daraja.

Wynelle


Llano
1 Desemba 1998

Shemeji Wynelle,

Salaam kwako na kwa hilo koo. Nimemweleza mfamasia wa hapa habari zako, akasema asali ni sawa lakini uongeze wiski. Mfamasia mwenyewe ni mimi.

Nilikuwa nimeshajipanga kuja. Kisha nyonga ikagoma. Kisha pikapu nayo, radieta inavuja kama macho ya mchungaji anapoombea wagonjwa. Kisha mbuzi mmoja akazaa nje ya msimu, na huwezi kumwacha mzazi na baridi hii. Najua unasema nini sasa. Unasema, Hollis, kila ukitia neno "kisha" uongo unaongezeka. Kweli. Mbuzi hajazaa.

Nikuulize jambo moja bila mzaha, nawe unijibu bila mzaha. Maneno yale ya makaburini. Ulisimama mbele yangu, watu wote wanatazama, ukasema: "Ungekuwa wewe kwenye usukani, ungegeuza gari." Halafu ukaenda zako Nashville. Mimi nikabaki nayo. Nikiyafungua macho asubuhi yapo, nikiyafunga yapo. Na ulisema kweli. Dub alikuwa haoni vizuri kwenye mvua, na alikuwa na haraka siku zote. Mimi ningeyaona maji juu ya lile daraja nikageuza, tungechelewa San Saba, tungegombana njiani, tungekuwa wazee wawili wachafu leo.

Je, umeyaweka mle ndani?

Kama umeyaweka, yataimbwa redioni. Yataimbwa kwenye baa na vijana wasiojua Dub alikuwa nani. Nitaingia kununua chakula cha mbuzi na mwenye duka atakuwa anayapigia mluzi.

Jibu hilo tu.

Hollis


Nashville
5 Desemba 1998

Hollis,

Naandika upesi, hii naituma kwa posta ya haraka.

Uvimbe umekua. Daktari amebadilisha tarehe. Si tena baada ya Mwaka Mpya, ni Jumatatu ya tarehe 14 mwezi huu. Safari hii alinitazama machoni, na nilitamani arudi kwenye viatu.

Studio nimeihamishia Jumamosi tarehe 12. Ukifika kabla ya hapo nitaimba kwako, kisha nitaingia. Usipofika, sitaingia. Ferris anasema mimi ni mwendawazimu, anasema tuko watatu tuliobaki na hakuna polisi wa sheria ile. Nimemwambia, wako ulichomwa uliposema hapana, sasa wangu unataka uvuke kwa magendo?

Umeuliza kama maneno yale yamo. Yamo. Ni mstari wa kwanza.

Njoo hivyo hivyo.

Wynelle


Nashville, ndani ya pikapu, mbele ya nyumba yako
Jumapili, 13 Desemba 1998

Shemeji,

Salaam kutoka upande wa pili wa barabara. Hali yangu unaweza kuiona ukivuta pazia.

Najua Jumamosi imepita. Ningeweza kufika Ijumaa. Radieta nilishaitengeneza tangu zamani. Nilikaa Arkansas siku nzima kwenye mkahawa mmoja nikila pai, kipande baada ya kipande, mhudumu akaniuliza, "Babu, unamsubiri mtu?" Nikamwambia namsubiri Hollis aache uoga. Akaniletea kahawa bure.

Kwa hiyo kanda ya sauti yako haipo, na haipo kwa sababu yangu. Hilo nimelielewa nikiwa naendesha. Nilikuwa nasema, nisipofika wimbo utakufa wenyewe na sitakuwa nimesema hapana. Ni ujanja wa mtoto anayeficha kikombe alichovunja. Kesho wanakukata, na mimi bado nimeshika kalamu.

Nyumba yako nzuri. Imepakwa rangi kama keki. Ferris ametoka kutupa takataka, amenenepa, suruali imemkataa. Ametazama huku. Nimeinama chini ya usukani, na nyonga hii, sijui nitainukaje.

Nimeinuka.

Nimekuja na kofia safi. Nimekuja na hofu pia, iko hapa kwenye kiti cha pili imefunga mkanda. Kilichonisitiri tangu Dub afe ni kwamba watu hawajui. Wanajua alisombwa na mto, hawajui kuna mtu alinuna. Ukiimba, watajua. Lakini nimeangalia nyumba yako saa hii yote, nikawaza: mwanamke amebakiwa na mchana mmoja wa sauti, na mimi namnyima kwa ajili ya mwenye duka la chakula cha mbuzi.

Nikimaliza mstari huu nashuka.

Huu ndio mstari.

Nakuja kugonga.

Hollis


Nashville
21 Desemba 1998

Shemeji Hollis,

Salaam. Naandika kwa sababu sasa ndiyo njia yangu ya kuongea. Daktari anasema mnong'ono utakuja baada ya miezi. Sauti ya kuimba haitakuja tena. Ferris amenipa kengele ya kuitia, kama ng'ombe. Nimeipiga mara mbili tu na mara zote alikuwa amelala.

Hukugonga.

Ferris alirudi ndani na pipa la takataka akasema, "Kuna pikapu ya Texas pale nje na kizee kimejikunja chini ya usukani kama kinatafuta senti." Nikasogea dirishani nyuma ya pazia. Nilikutazama ukiandika. Ulikuwa unatoa ulimi nje ukiandika, kama zamani. Nilikuona ukishuka. Ukavuka barabara, ukafika kwenye sanduku langu la barua, ukasimama. Hatua chache tu zilibaki mlangoni. Ukaitia barua sandukuni, ukageuka, ukarudi garini na ile nyonga yako ukikimbia kama kuku mwenye jeraha.

Basi nilimwambia Ferris alete gitaa na afungue dirisha. Baridi ikaingia. Akasema, "Wynelle, utaliharibu koo." Nikamwambia linaharibiwa kesho kwa bili kubwa, leo nijiharibie bure.

Nikaimba. Beti zote tatu, nimekuelekea wewe. Jirani wa kushoto alitoka na mbwa wake akasimama. Katika ubeti wa pili niliona kioo cha gari lako kinashuka, au nilidhani. Nilipomaliza ulikuwa bado upo. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha ukawasha gari ukaondoka.

Sijalala vizuri tangu siku ile, na si kwa sababu ya mshono. Sijui kama ulisikia. Sijui kama dirisha na barabara katikati ni uso kwa uso. Karatasi ipo hapa kwenye meza, jiko lipo pale. Ferris anataka kuuimba yeye kwenye kanda, studio bado wanatungoja. Nimemkatalia mpaka nipate neno lako.

Neno moja tu, Hollis. Ndiyo au hapana. Safari hii usinipe mbuzi.

Wynelle


Llano
29 Desemba 1998

Shemeji yangu Wynelle,

Salaam za Krismasi iliyopita. Natumaini mshono unapona na Ferris ameamka. Mimi nilifika nyumbani salama, mbuzi walinipokea kwa dharau.

Nilisikia. Kioo nilikishusha chote mpaka mwisho. Uso wangu ulikuwapo na wako ulikuwapo, na kama kuna mtu wa sheria atakayesema barabara ilikuwa katikati, mlete kwangu nimpe beberu.

Umeanza na maneno ya makaburini, kama ulivyonionya. Nilitaka kuwasha gari hapo hapo. Mkono ulikuwa kwenye ufunguo. Ubeti wa pili ukanishika: wewe umesimama jikoni siku ile asubuhi, umeona mvua, umeona nimenuna, umeona Dub anavaa koti, na hukusema neno kwa sababu ulikuwa umechoka na ugomvi wa Castleberry wawili. Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani lawama ni mali yangu peke yangu, kumbe tulikuwa tumeigawana na kila mmoja amekaa na kipande chake jimboni kwake.

Kisha wa tatu. Nimeuandika hapa nisiukosee:

*Kama ungepanda naye, ningezika wawili,*
*Na uzee ningezeeka bila wa kunikejeli.*

Sasa unauliza kwa nini niliondoka. Niliondoka kwa sababu ningegonga ungeniona sura. Macho yalikuwa yamejaa maji, na pikapu yangu haina waipa upande wa ndani. Niliendesha mpaka kituo cha mafuta, nikakaa. Kijana wa pale akagonga kioo, "Mzee, uko sawa?" Nikamwambia nimetukanwa kwa mara ya kwanza na mtu anayejua kutukana.

Neno lako ni hili: ndiyo. Halina masharti. Nenda nao duniani. Mwenye duka apige mluzi.

Ila kumpa Ferris, hapana, na hilo si la sheria, ni la masikio. Ferris anaimba kwa pua. Atanigeuza mimi na ndugu yangu tuonekane tuna mafua. Nitaimba mimi. Nitakuja Nashville, nitakaa mbele ya kipaza sauti, nitajilaumu kwa jina langu mwenyewe, beti zote, na wewe ukae mbele yangu na hiyo kengele. Nikikosea, ipige. Nimeshaujaribu zizini. Nafika mpaka neno "wawili" halafu sauti inakatika, lakini mpaka kufika huko nitakuwa nimejifunza.

Ombi moja dogo, si sharti. Katika mstari wa pili umesema tulimzika kwenye mvua. Najua inaingia vizuri na mdundo. Lakini siku ile kulikuwa kukavu, shemeji. Kukavu kabisa, jua na vumbi, nalikumbuka vumbi kwenye viatu vyangu. Watu wetu wanaweza kudanganya kuhusu mapenzi, kuhusu pombe, hata kuhusu Mungu, lakini hali ya hewa hatudanganyi. Weka vumbi.

Nasubiri neno lako nianze safari.

Shemeji yako,
Hollis


Nashville
4 Januari 1999

Shemeji Hollis,

Salaam. Nimesoma barua yako nikacheka bila sauti, na mshono ukauma, na nikacheka tena.

Studio ni tarehe 20. Chumba cha nyuma kina kitanda kigumu, kizuri kwa nyonga. Ferris amenuna kuhusu pua.

Mstari wa pili hautabadilika. Nimemuuliza Ferris, na yeye alikuwapo. Ilinyesha siku ile nzima, Hollis. Ilikuwa inanyesha tulipotoka kanisani. Mchungaji alisoma huku Ferris amemshikia mwavuli, kamba za jeneza ziliteleza mikononi mwa watu. Sote tulikuwa na kofia au miavuli isipokuwa wewe. Wewe ulisimama kichwa wazi, maji yanakutiririka shingoni na kuingia kwenye koti, na nilikuwa nimekasirika mno hata sikukwambia usogee chini ya mwavuli.

Njoo. Ukifika mlangoni, gonga.

Shemeji yako,
Wynelle